Kikombe cha Tatu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, siku ya Jumanne, kengele ya flati yetu kule Barking, London, ililia. Dakika hizo nazijua kwa sababu ziliandikwa katika ripoti ambayo baadaye niliisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenye basi, natoka kusafisha ofisi katikati ya mji, nimebakiza kama nusu saa kufika nyumbani. Mke wangu alikuwa anaoga. Aliyekwenda mlangoni ni binti yetu, ambaye alikuwa na miaka tisa.

Waliokuja ni maafisa wawili wa uhamiaji, mwanamke na mwanamume. Walitaka kuhakikisha jambo moja tu: kama kweli naishi pale na mke wangu na mtoto wangu. Mke wangu, mzaliwa wa Nakuru, ana uraia wa Uingereza, na mtoto pia. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro, na ombi langu la kuongezewa muda wa kukaa lilikuwa bado linachunguzwa. Likikubaliwa, nabaki na mwanangu. Likikataliwa, nitatakiwa kuondoka.

Walikuwa na sababu ya kutuchunguza, na sababu hiyo niliitengeneza mwenyewe. Kwetu sanduku la posta la mtu mmoja hutumiwa na ukoo mzima, na hakuna anayedhani kwamba ukoo mzima unaishi ndani ya sanduku. Nilipofika London nilifuata desturi hiyo bila kufikiri. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana nyumba ya kudumu Lewisham, upande mwingine wa mji, na barua za watu wasiopungua sita huletwa kwake. Sisi tulikuwa tumehama mara tatu. Kwa hiyo hati zangu za mshahara na barua za benki zilikuwa zinakwenda Lewisham, na fomu yangu ya maombi ilisema naishi Barking. Mimi ninayehifadhi risiti za maziwa sikuona tatizo lolote.

Sasa nieleze kuhusu kitabu.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha ukubwani kwa kusoma riwaya za watoto, kwa sababu sentensi zake ni fupi na katika kila ukurasa kuna jambo linalotokea. Nilikuwa na daftari, na kila neno jipya niliandika mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Mtoto alipofika umri wa kusikiliza hadithi ndefu nilianza kumsomea riwaya hizo hizo. Nilisoma Kiingereza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili, kwa sababu alikuwa anakielewa Kiswahili vizuri lakini hakutaka kukitumia. Ukimuuliza kwa Kiswahili, atakujibu kwa Kiingereza, kama karani anayekurudishia fomu uliyoijaza vibaya.

Kitabu hicho nilikipata kwenye duka la mitumba, kimechakaa, jalada lake limebandikwa kwa gundi. Kinahusu nchi ya theluji iliyotekwa na jeshi la kigeni. Msichana wa miaka kumi na mdogo wake wanaishi na mama yao karibu na daraja. Baba yao, fundi wa reli, amejificha kwenye kibanda cha wakata miti juu mlimani, na kila baada ya siku mbili watoto humpelekea mkate na betri za redio. Wanapita kwenye mto ulioganda ili nyayo zao zisionekane. Askari wanakuja nyumbani mara kwa mara wakiuliza baba yuko wapi. Watoto wamefundishwa jibu moja: baba aliondoka zamani, hajarudi. Wakisikia buti nje, huficha vitu vya baba kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu kuna afisa mmoja ambaye hafokei mtu. Yeye huketi, huomba maji, na macho yake huhesabu vikombe.

Ni riwaya nzuri. Ina kasoro kama mbili tatu. Kwa mfano, mwandishi amesahau kwamba betri hazifanyi kazi vizuri kwenye baridi kali. Lakini ile sura ya vikombe imeandikwa kwa ustadi, na binti yangu aliomba niirudie mara nne.

Baada ya kila sura nilikuwa na utaratibu. Kwanza maswali matano. Kisha mchezo: mimi natoka chumbani, nasubiri nusu dakika, nabisha hodi nikiwa afisa. Yeye anatakiwa awe ameshaficha vitu vyangu na awe tayari kujibu. Sheria zilikuwa tatu. Asicheke, asiangalie mahali alipoficha, na ajibu kwa Kiswahili. Nilimpa alama kati ya kumi, nikaziandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Akipata nane au zaidi, biskuti moja.

Lengo langu lilikuwa Kiswahili. Kila njia nyingine ilikuwa imeshindwa, na katika mchezo huu mtoto alikuwa anasema sentensi nzima, zimenyooka, bila kubabaika: "Baba aliondoka zamani. Hajarudi. Tuko wawili tu, mimi na mama." Nilifurahi sana. Mke wangu alikuwa anasikia kutoka jikoni.

"Wewe," aliniambia siku moja, "mtoto hawezi kuniambia ameshiba kwa Kiswahili, lakini kusema hana baba anajua."

"Anajifunza."

"Anajifunza uongo."

"Ni hadithi, mama."

"Hizo vitabu zako zitakuletea shida," alisema. Alikuwa anatania. Siku hiyo hata mimi nilicheka.

Jumanne hiyo theluji ilianguka alfajiri, kidogo, ya kufunika magari na ukingo wa dirisha. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba aliamka, akapanda kwenye kiti kuitazama, akaona watu wawili wenye makoti meusi na beji wanavuka barabara kwenye theluji kuja kwenye mlango wetu wa chini. Hakuogopa. Alijua la kufanya. Wakati wanapanda ngazi alikusanya kikombe changu, mswaki wangu, ndala zangu, kifaa changu cha kunyolea ndevu na koti langu lililokuwa nyuma ya mlango, akavitia vyote ndani ya mashine ya kufulia, akafunga. Kisha kengele ikalia, akafungua.

Ripoti ilisema kwamba afisa wa kike alichuchumaa ili awe sawa na kimo cha mtoto, akamuuliza kwa upole kama baba yupo. Sina la kumlaumu. Kwa namna ilivyoandikwa, alikuwa mtu mwema. Lakini kwenye kitabu chetu mpole ndiye wa hatari, na hilo nilikuwa nimelisisitiza mimi mwenyewe, katika swali la nne la sura ya saba.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza. Alisema baba hayupo. Aliulizwa kama baba huwa analala hapa. Akasema hapana, baba aliondoka zamani, hajarudi, wako wawili tu, yeye na mama.

Mke wangu alitoka bafuni na taulo kichwani, akawakuta jikoni. Aliwaambia mume wake yuko njiani kutoka kazini. Wakamwomba awaonyeshe vitu vyangu. Akaenda bafuni: miswaki miwili. Akaenda nyuma ya mlango: hakuna koti. Akainama kutafuta ndala, hakuna. Alibaki anazunguka kwenye nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyeibiwa. Mwisho akavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda. Nguo zangu huwa nazikunja na kuziweka humo, kwa sababu kabati letu lina unyevu na huziotesha ukungu. Ripoti ikaandika: nguo za mwanamume zilizofungwa ndani ya sanduku la safari. Kwenye rafu ya vyombo, vikombe viwili.

Waliondoka saa moja na dakika nane. Mimi nilifika saa moja na robo. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, taulo bado kichwani. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kufulia akiwa amevaa sare ya shule. Aliniangalia kwa uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Baba," alisema, kwa Kiswahili, "nimeshinda. Sikucheka."

Akafungua mashine kunionyesha.

Nimejaribu kukumbuka kama nilivuta pumzi kabla ya kusema. Sidhani. Nilichukua daftari, nikaketi, nikamuuliza maswali, moja baada ya jingine. Wamesema nini? Umejibu nini? Kwa maneno gani hasa? Alijibu yote akitabasamu, akisubiri alama. Nilipomaliza kuandika nilimweleza alichofanya. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kila kitu: kwamba watu wale walikuja kuuliza kama naishi nao hapa, kwamba amewaambia siishi, kwamba sasa wanaweza kunirudisha Tanzania, na kwamba ikitokea hivyo itakuwa kwa sababu ya maneno yake. Sikupaza sauti wala sikumgusa. Nilihakikisha ameelewa. Nilimwambia arudie.

Akarudia, kwa Kiingereza.

Mke wangu ndiye aliyenyanyuka na kumtoa pale. "Amefanya ulichomfundisha," aliniambia. "Sasa unamhukumu kwa lipi?"

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki saba, ikaenda Lewisham, anwani niliyokuwa nimeijaza kwa ajili ya barua. Shemeji alinipigia simu akaifungua kwa ruhusa yangu na kunisomea. Alipofika kwenye sehemu ya vikombe aliacha kusoma.

"Shemeji," akasema, "hata mimi nimeoa miaka kumi na minane na sina kikombe changu. Nitawaambiaje?"

"Endelea kusoma."

"Hapa wanasema mtoto mwenyewe amekukana. Damu yako." Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Ulikuwa unafundisha majasusi kwa dada yangu bila kulipa kodi ya darasa."

Kumbe kwake ilikuwa ni mzaha, na mzaha huo ulifika kwa watu wote sita wanaopokea barua pale, na kutoka kwao ukafika kanisani. Kwa muda wa miezi kadhaa nilisalimiwa hivyo. "Mwalimu, leo umejificha wapi?" Mtu mmoja mzima, tena mzee wa kanisa, alimuuliza binti yangu mbele ya wenzake baada ya ibada, "Huyu ni nani, mama? Unamjua?" Watu wakacheka. Binti yangu akanitazama, kisha akatazama viatu vyake. Kuanzia siku hiyo hakutaka tena kwenda.

Nilikata rufaa ndani ya muda. Sheria inasema aliyekata rufaa ndani ya muda anaruhusiwa kuendelea kufanya kazi. Nilitafuta kifungu, nikakichapa, nikampelekea msimamizi wangu. Alikisoma chote mpaka mwisho, nikamheshimu kwa hilo.

"Sikupingi," aliniambia. "Lakini kadi yako ya ukaazi imeisha muda, na mfumo haukubali mtu mwenye kadi iliyoisha. Sisi wengine tukikosea tunafukuzwa."

Nikakabidhi funguo. Kwa miezi kumi na moja mke wangu alifanya shifti mbili, akihudumia wazee asubuhi na jioni, na mimi nilikaa nyumbani kwenye mwanga wa mchana ambao nilikuwa sijauzoea. Alikuwa akirudi, anakula akiwa amesimama, anasema, "Daftari linasemaje leo?" Siku nyingine alikuwa hasemi hata hilo.

Wakili wetu, kijana makini mwenye ofisi juu ya duka la simu, alisema kinachohitajika ni mtaalamu huru wa ustawi wa watoto azungumze na binti yetu peke yake na kuandika ripoti. Mtoto akifafanua kwamba ulikuwa mchezo, basi. Gharama ilikuwa kubwa, tukalipa.

Siku moja kabla ya mahojiano nilimwita mtoto. Nilikuwa nimeamua kutomwambia chochote isipokuwa jambo moja.

"Sema kweli tu," nilimwambia. "Chochote atakachokuuliza."

"Kila kitu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kila kitu."

Naye akasema kila kitu. Mtaalamu alimuuliza kama anaishi na baba yake, akasema ndiyo, analala mchana na anakoroma. Akamuuliza kwa nini aliwaambia maafisa vinginevyo, akaeleza kitabu, theluji, afisa mpole, mashine ya kufulia. Yote sawasawa. Kisha akamuuliza swali ambalo wataalamu huuliza kila mtoto: kuna mtu aliyewahi kukufundisha namna ya kuwajibu watu wanaouliza kuhusu baba yako?

Ndiyo, alisema. Baba. Kila jioni. Ananipa alama.

Siku ya kusikilizwa kwa rufaa mwanasheria wa upande wa pili alikuwa na nakala ya ripoti hiyo, na pia nakala ya daftari langu, ambalo wakili wetu alikuwa amelipeleka kama ushahidi kwamba mchezo ulikuwepo kweli. Alisoma kurasa zangu kwa sauti ya kawaida, mkalimani akizitafsiri. "Ameficha ndala vizuri. Ameangalia kabati mara moja. Saba." Ukurasa mwingine: "Jibu la 'aliondoka zamani' bado linasikika kama amelikariri. Arudie mpaka liwe la kawaida." Akaniuliza kama huo ni mwandiko wangu.

"Ni wangu."

"Kwa hiyo unakubali kwamba mtoto huyu amekuwa akifundishwa kwa miezi kadhaa kuwadanganya maafisa, na kwamba wewe ulikuwa unapima ubora wa uongo wake."

Nilisema ndiyo, kama sentensi itasomwa hivyo. Kisha akauliza: leo atajuaje kwamba toleo hili la pili, la kukoroma na mashine ya kufulia, si sura nyingine ya somo lile lile? Nilifikiria kwa uaminifu. Nikamwambia hawezi kujua. Wakili wangu aliweka kalamu chini.

Mke wangu alikuwa ameketi nyuma yangu. Tulipotoka kwenye ukumbi kwa mapumziko alininong'oneza, "Ukipenda sana kuwa sahihi, nenda ukawe sahihi Morogoro."

Kilichotuokoa hakikutoka kwangu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika barua yenye aya moja. Alisema kwamba kwa miaka mitatu mtoto huyu hufikishwa getini kila asubuhi na mwanamume huyo huyo, akiwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na kwamba mara mbili alimwona akisinzia akiwa amechuchumaa kumfunga mtoto kamba za viatu. Jaji aliisoma barua hiyo mara mbili tukimtazama.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe Alhamisi moja saa nane mchana. Rufaa imekubaliwa. Jaji ameridhika kwamba naishi na mke wangu na mtoto wangu, na kwamba kati yangu na mtoto kuna, kwa maneno yake, uhusiano wa kweli na wa kila siku. Mke wangu aliisoma kwenye simu akiwa amevaa sare, amechelewa kwenye shifti ya jioni. "Sawa," alisema, akanirudishia simu, akaondoka.

Binti yangu alirudi kutoka shule saa tisa na nusu. Alikuwa na miaka kumi tayari, anarudi na jirani. Nilimkalisha mezani. Nilimwambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba nimeruhusiwa kubaki, kwamba limekwisha, kwamba halikuwa kosa lake na sikupaswa kamwe kumwambia vile. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwanza, ili nisikosee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia, na hakuangalia upande wowote.

"Natakiwa niseme nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hutakiwi kusema kitu."

Akatikisa kichwa kukubali. Alisubiri kidogo, akinitazama kwa adabu, kuona kama kuna swali jingine. Lilipokosekana aliomba ruhusa aende chumbani kwake, nikampa.

Nilibaki mezani na faili. Wakili alichukua pauni elfu tatu mia tisa, ripoti ya mtaalamu elfu moja mia moja na hamsini, ada ya rufaa mia moja na arobaini, na mishahara ya miezi kumi na moja ambayo sikuipata ni elfu kumi na sita mia mbili na themanini. Nilijumlisha mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Tulipoteza pauni elfu ishirini na moja, mia nne na sabini.